Gitaa Lililovaa Kitenge

Gitaa nililoliua nikiwa na miaka kumi na mmoja liliingia chumbani mwangu mwezi uliopita, likiwa hai.

Aliyelileta alikuwa mwanamuziki kutoka Kamituga, amefika kwa pikipiki, matope yamemkaukia hadi kiunoni. Alikuwa amelifunga ndani ya gunia la mchele, akalilaza juu ya meza yangu kwa mikono miwili, kama watu wanavyolaza mgonjwa. Natengeneza magitaa katika chumba cha kupanga pale Nyawera, mjini Bukavu, juu kidogo ya soko, ambapo waendesha pikipiki hugombania abiria chini ya dirisha langu tangu asubuhi. Hakuna aliyenifundisha kazi hii. Nimejifunza kwa kutazama simu, kwa kuharibu vitu vyangu mwenyewe, na kwa kurudia. Nilikata kamba ya gunia. Zilitokea kwanza pembe mbili nyeusi zilizochongoka, kisha shingo, kisha fuvu dogo jeupe lililochomekwa katikati ya shingo, na mwisho kichwa. Juu ya kichwa, kwa wino wa rangi ya fedha, ilikuwepo sahihi ndefu yenye mkia uliopinda kama mjeledi.

Niliijua sahihi ile kuliko ninavyoijua ya kwangu.

"Inaumwa wapi?" niliuliza, kama ninavyowauliza wote.

"Haiumwe, dada. Inataka kamba mupya, na hizi vyuma ziko na kutu. Lakini sauti iko sawa."

"Sauti iko?"

"Hii? Hii ni simba! Tangu tuinunue, haijanyamaza ata siku moja. Ikinyamaza, ni pile tu." Aligeuza gitaa kifudifudi, akaingiza ukucha chini ya kifuniko kidogo mgongoni, akachomoa betri ya mraba, ile yenye vichwa viwili vya chuma. "Yule papa wa Cimpunda aliyetuuzia alituonesha. Alisema, pile ikiisha inakufa yote, utafikiri imeungua. Musiogope, mubadilishe tu."

"Papa gani?"

"Baba mumoja wa chorale ya kanisa. Mufupi, anachekacheka sana."

Nilimwambia ashuke sokoni akale, arudi baadaye. Sikutaka aone mikono yangu. Mikono yangu ikitaka kulia haingojei macho. Hutoka jasho.

Yule mfupi anayechekacheka ni Tonton Bisimwa, mdogo wake mama. Tuliishi kwake Cimpunda, kwenye mteremko ambapo bati la nyumba moja linakaribia kugusa mlango wa nyumba nyingine. Baba yangu alikuwa ameondoka kutafuta maisha nami nikiwa mdogo sana, na hakurudi. Mama alishona nguo barazani kwa mashine ya kukanyaga. Tonton alikuwa dereva wa shirika la wazungu, na siku za ibada alipiga gitaa katika kwaya ya parokia. Nilimpenda jinsi mtoto asiye na baba anavyompenda mwanaume wa kwanza anayekumbuka jina la mwalimu wake.

Gitaa lilikuja kutoka kwa mzungu mmoja kijana, mwenye nywele zilizofika mabegani, ambaye Tonton alimwendesha kwa miaka miwili. Mkataba wake ulipokwisha alishindwa kulibeba kwenye ndege, akamwachia. Nakumbuka mchana ule Tonton alipofungua sanduku lake refu. Ilitoka harufu ya limau, tumbaku na plastiki mpya, harufu ya mahali ambapo hakuna vumbi. Ndani, kando ya gitaa, palikuwa na picha iliyokatwa gazetini: mwanaume mwenye nywele ndefu, mdomo wazi kabisa, amelishika gitaa kama hili hili.

"Anapigia nani kelele?" niliuliza. "Wamemuibia?"

"Anaimba, maman," Tonton alisema, maana hivyo ndivyo alivyoniita. "Ni mupigaji mukubwa wa muziki ya metal, ile muzito. Hii gitare iko kwa jina yake. Ona, sinyatire yake."

Wenzangu wa rika langu mliosoma Bukavu mtanielewa. Sisi sahihi tuliijua kwa jambo moja: bulletin. Mwisho wa muhula unapewa karatasi ya alama, unaipeleka nyumbani isainiwe, unairudisha shuleni. Aliyesaini ndiye responsable wako. Ukivunja dirisha ataitwa yeye. Ukifeli ataulizwa yeye. Kwa hiyo nilipoiona sahihi kwenye kichwa cha gitaa, sikufikiri kwamba kuna kiwanda kinachochapa jina la mtu maarufu juu ya magitaa mengi yanayofanana. Nilielewa kwamba yule mwanaume wa pichani alikaa mezani, akachukua kalamu, akasaini kwamba gitaa hili ni mtoto wake, na siku moja lingerudishwa kwake akalikague.

"Atakuja kuichukua lini?" niliuliza.

Tonton alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Ukiipiga mubaya, atakuja kesho!"

Ulikuwa utani. Nililala nao, nikaamka nao.

Jumamosi ya kwanza Tonton alipolipeleka kanisani kwa mazoezi, mzee aliyekuwa rais wa kwaya alilizuia mlangoni. "Hii kitu ya mapembe na fuvu haitaingia mu nyumba ya Mungu." Watu waligawanyika pale pale. Wengine walisema chuma hakina dini, wengine wakasema hata fimbo ya mchawi ni mti tu. Mama, aliyeimba sauti ya kwanza, ndiye aliyemaliza ugomvi.

"Kama shida ni mapembe," alisema, "tutaivalisha."

Na akalivalisha kweli. Mwaka ule sare ya kwaya ilikuwa kitenge cha buluu chenye njiwa wa manjano. Mama alichukua kipande kilichobaki kwenye gauni lake, akalipima gitaa kama anavyompima bi harusi, akalishonea vazi lenye mikono miwili ya kuingiza pembe, na vifungo vitano mgongoni. Juu ya fuvu Tonton alibandika karatasi ndogo ya Bikira Maria. Kila nilipopanda kwenye noti za juu kidole changu kilipita usoni mwake, na moyoni nilimwomba radhi. Rais wa kwaya alilizunguka gitaa mara mbili, akasema, "Sasa ni mwanamemba." Likaingia. Tangu siku ile hakuna aliyeona mgongo wake. Kulivua ilikuwa kazi ya Tonton peke yake.

Alinifundisha akordi tatu. Nilipoomba ya nne alisema, "Zingine utazikuta ku njia." Nilizikuta. Umeme wetu ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo nilijifunza barazani bila ampli, gitaa likinong'ona tu, kando ya mashine ya mama. Katika simu ya Tonton mlikuwa na nyimbo chache za yule mwenye sahihi, alizoacha mzungu. Alipiga kwa kasi ya mvua inayoanguka juu ya mabati, na mtoto mimi niliamini ana hasira kwa sababu mtu amemharibia kitu. Nilizisikiliza polepole, noti moja moja, kisha nikaitia kasi ile katika wimbo wetu wa matoleo. Nilijiwekea sheria: mara ishirini bila kosa. Nikikosea ya kumi na tisa, narudi kwenye ya kwanza.

"Nsimire, huo wimbo hauishe?" mama alikuwa akiuliza, mguu haujatoka kwenye mashine.

"Nimekosea, mama."

"Mi sikusikia kosa."

"Mimi nimesikia."

Kitu kimoja kilinitia hofu. Viganja vyangu vilitoka jasho hata asubuhi ya baridi. Tonton alinipa taulo ndogo nyeupe. "Upanguse mbele ya kuigusa. Jasho iko na chumvi, na chumvi inakulaka chuma." Nilipangusa kabla, katikati na baada. Nilijua nani angekuja kukagua.

Juma moja kabla ya Pentekoste, Tonton alichelewa kazini, na mwalimu wa kwaya, tuliyemwita Maître, akaniambia nishike nafasi yake hadi atakapofika. Nilipiga wimbo wa matoleo. Nilipofika kwenye kipande changu cha mvua juu ya mabati, sauti zilikatika moja baada ya nyingine, watu wamegeuka kunitazama. Maître alishusha mkono.

"Tena."

Nikapiga tena.

"Tena."

Mara ya tatu Tonton alikuwa mlangoni, funguo za gari mkononi.

"Bisimwa, kuja usikie mutoto yako!" Maître aliita. "Pentekoste, hii solo atapiga yeye. We utakamata gitare ya parokia, umufuate nyuma."

Mama mmoja wa sauti ya pili alipiga makofi. "Eee, Bisimwa! Umejizalia chef wa kukuongoza!"

"Sikumuzaa, nilimufundisha tu!"

"Basi mwalimu amefukuzwa ku kazi!"

Walicheka wote, na Tonton alicheka kuliko wote. Njiani alinipandisha mabegani, mimi mkubwa wa miaka kumi na mmoja, tukashuka mteremko wa Cimpunda watu wakitutazama. Nilihisi mabega yake yakitetemeka chini yangu, nikafikiri bado anacheka.

Nataka kuandika vizuri Jumamosi iliyofuata, ile ya mazoezi ya mwisho, maana nimeirudia kichwani mara nyingi kuliko wimbo wowote. Niliamka nikanawa mikono kwa sabuni mara tatu. Nilikwenda kanisani nimeishika mbele yangu, vidole wazi, nisiguse hata kitambaa cha gauni. Jenereta ilikuwa inanguruma nje na harufu ya petroli iliingia kwa madirisha. Tonton alichomeka waya kwenye gitaa, akanipa. Maître aliinua mkono. Nikapiga.

Hakuna kitu. Kulikuwa na mnong'ono wa kamba tu, ule ule wa barazani.

"Ongeza sauti," Maître alisema.

"Iko ya mwisho."

Walibadilisha waya. Kimya. Walichomeka mikrofoni kwenye ampli ile ile, mtu akasema "alo, alo," na kanisa zima likajaa alo. Walirudisha gitaa. Kimya. Tonton aliinama akaweka sikio juu ya njiwa wa manjano, akagonga kwa kidole, akatikisa kichwa kama daktari. Hakulivua. Kisha akashika mkono wangu, akaugeuza kiganja juu, akawaonyesha watu.

"Munaona? Maji. Nilimuambia mara ngapi? Jasho imeingia mu ndani, imeunguza micro ya gitare, ile inakamata sauti ya kamba."

Kiganja changu kiling'aa. Ndiyo, kiling'aa, nani asingetoka jasho wakati ule? Watu arobaini walikiangalia. Mama mmoja alisema "maskini" na mwingine akafyonza, na Tonton akanipapasa kichwani.

"Si kosa yako, maman. Ni vile mikono yako iko."

Afadhali angesema ni kosa langu. Kosa ningelirekebisha kwa mara ishirini. Lakini vile mikono yangu ilivyo, ningeifanya nini?

Mama alitoka kwenye safu ya sauti ya kwanza. Aliliangalia gitaa, mgongoni, akamwangalia ndugu yake, kisha akaja akaifunika mikono yangu miwili kwa kitenge alichojifunga. Nilifikiri ananifichia aibu. Nilimshukuru kwa hilo miaka yote.

Siku ya Pentekoste Tonton alipiga solo yangu kwa gitaa la parokia. Alikosea mara nne. Nilihesabu, kisha nikaungama kwa padri kwamba nimehesabu. Juma lile lile gitaa la pembe lilitoweka nyumbani. "Fundi amesema ni maiti," Tonton aliniambia, akipangusa mdomo baada ya kula. "Nimeliacha kule." Sikuuliza kule ni wapi. Aliyeua haulizi maiti imezikwa wapi.

Hofu yangu ilikuwa kwa yule mwenye sahihi. Kila gari jeupe la shirika lilipopanda barabara yetu, niliingia chini ya meza ya mashine ya mama. Nilimwandikia barua kwa Kifaransa cha darasa la sita, nikimwambia kwamba mimi ndiye, mjomba wangu hana hatia, na ninajifunza kukausha mikono. Nilikosea neno, nikaanza upya. Nilianza upya mara kumi na tatu. Iliyokuwa safi kabisa niliikunja nikaiweka ndani ya daftari la hesabu, kwa kuwa sikujua anwani yake, na pia, nikiri, kwa kuwa niligundua kosa jingine.

Nyumbani habari ikageuka kichekesho. Sijui familia nyingine, yetu huhifadhi vitu kwa kuvichekea. "Musimupe Nsimire telefone, ataiua." Kwenye ubatizo, kwenye mahari, mgeni akiuliza huyu binti anafanya nini, Tonton alianza: "Huyu? Muuaji!" Watu walicheka, nami nilicheka, na chini ya meza nilikuwa ninapangusa viganja kwenye gauni. Sikuacha kupiga. Nilijitengenezea gitaa la ubao na nyaya za breki za baiskeli, kitu kisicho na sahihi ya mtu, ili nikiliua nisiwe na wa kumjibu. Hadi leo siligusi gitaa la mteja kabla ya kujipaka poda ya watoto hadi kwenye vifundo vya mikono. Chumba changu chote kinanukia mtoto mchanga. Nimewahi kumfuata mteja hadi barabarani nimnyang'anye gitaa lake nilifute mara moja zaidi. Kuna kijana alinipenda, nikakataa asinishike mkono kwa miezi mitano. Alidhani simtaki. Sikumweleza, naye aliondoka. Mtu anaelezaje kwamba mikono yake inaua?

Jumapili baada ya kuja kwa yule mtu wa Kamituga nilipanda Cimpunda. Sikubeba gitaa, nilikuwa nimeshaliwekea kamba mpya na mwenyewe ameondoka nalo. Tonton alikuwa barazani, amevua viatu, miguu juani. Mama alikuwa kando yake na ungo wa maharagwe mapajani, anachambua.

"Ah, muuaji amefika!" Tonton alisema. "Da Mapendo, ficha saa yangu."

Mama alitabasamu bila kuinua kichwa.

"Tonton," nilisema nikiwa bado nimesimama, "gitare ya mapembe ilikuwa kwangu hii juma."

"Gani? Ile uliua?"

"Iko muzima. Mwenyewe alinionesha mulango ya pile. Alisema ni we ulimuonesha, siku ulimuuzia."

Vidole vya mama vilisimama juu ya maharagwe. Tonton alianza kucheka, kile kicheko chake cha kila siku, lakini kilimwisha njiani.

"Ile ni mambo ya zamani, Nsimire."

"Uliitoa siku gani?"

"Kutoa nini?"

"Pile. Uliitoa Jumamosi asubuhi, ama Ijumaa?"

"Unatafuta siku ya nini sasa?"

"Jumamosi asubuhi nilinawa mikono mara tatu. Nataka kujua kama wakati nilikuwa nanawa, ilikuwa imeshatoka."

Aliangalia miguu yake. Ana miguu midogo, kama ya mvulana, sikuwahi kuiona vizuri kabla ya siku ile.

"Ijumaa," alisema. "Muchana. Ulikuwa ku masomo."

"Juu ya nini?"

Nilingoja aseme alihitaji pesa, au aliogopa rais wa kwaya. Nilikuwa nimemwandalia visingizio vizuri zaidi kuliko ambavyo yeye angevipata, nimekaa navyo juma zima.

"Ulikuwa umenipita," Tonton alisema. "Miaka kumi na ine napiga mu ile chorale. Kumi na ine! We umejifunza miezi munane, Maître ananiambia nikufuate nyuma, na bale bamama banacheka. Nilitaka hii Pentekoste moja tu. Nilisema, kisha nitarudisha pile, ataendelea. Lakini kisha nilishasema jasho mbele ya batu. Ningerudisha, ungejua."

Sasa ninaungama jambo ambalo ningeweza kuliacha. Nilifurahi. Kwa nukta chache, nikiwa nimesimama pale barazani, nilifurahi kama sijawahi kufurahi tangu utoto. Ulikuwa umenipita. Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nikiyapigia mara ishirini kila jioni, na hakuwahi kunipa hata nusu yake. Amenipa sasa, nina miaka ishirini na mitatu, akiwa anajitetea. Niliyapokea. Kisha nikaona haya kwamba nimeyapokea, nikageuka kwa mama, kama ninavyofanya tangu nizaliwe, anisaidie kukasirika.

Mama alikuwa hanitazami.

"Mama. Unamusikia?"

"Namusikia."

Alisema hivyo tu, kwa sauti ya mtu anayesomewa barua aliyoiandika mwenyewe. Nikakumbuka namna alivyoangalia mgongo wa gitaa.

"Ulijua."

"Kifungo ya tatu ilikuwa mu tundu ya ine," alisema, akiongea na maharagwe. "Ile nguo niliishona mimi. Nilijua kule nyuma kuna mulango mudogo, nilijua ni yeye tu anaifunguaka. Lakini sikuwa na hakika. Kisha Jumatatu nilikuta pile mu mufuko ya pantalon yake, nikifua."

"Jumatatu?"

Jumatatu gitaa lilikuwa bado ndani ya nyumba. Lilikuwa limelazwa kwenye sanduku lake, chini ya kitanda cha Tonton, hatua saba kutoka mahali nilipokuwa nimejilaza bila kula. Nilihesabu hatua zile tena pale nilipokuwa.

"Uliifanya nini, ile pile?"

"Nilimurudishia."

"Ulimurudishia yeye?"

"Tulikuwa mu nyumba yake, Nsimire!" Sasa aliinua uso, na macho yake yalikuwa makavu. "Ningemupigia kelele, tungelala wapi? Baba yako alikuwa wapi?"

"Ungeniambia mimi. Mu sikio tu. Ungesema si mikono yangu."

"Na ungenyamaza?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nimejaribu tangu siku ile kuisema kwa ukweli, hata peke yangu, na siwezi. Yule msichana angeshuka mteremko wote akipiga kelele kwamba si mikono yake.

"Nina miaka ishirini na tatu," nilisema. "Leo ningenyamaza. Jana ningenyamaza. Hukuniambia jana."

"Kila mwaka nilisema, ameshasahau. Nilikuona unapiga, unatengeneza, watu banakusifu. Nilisema haikumuumiza." Akafuta ungo kwa kiganja, ingawa haukuwa na vumbi. "Bakia ule. Maharagwe hayakawii."

Tonton alikuwa ameshavaa viatu vyake, kimoja kimoja, polepole, kama mtu aliyeitwa mahali. Hakwenda popote.

Nilisema nina kazi. Kwetu mgeni hasindikizwi hadi mlangoni tu, na tangu nihamie Nyawera mama hunishusha mteremko mzima hadi kwenye lami, mkoba wangu begani mwake, akinisimulia nani ameolewa na nani amehama. Siku hiyo pia aliweka ungo chini, akatafuta sandali zake, akachukua mkoba wangu kwenye kiti.

"Baki, mama."

"Nikufikishe ku barabara tu."

"Baki."

Niliutoa mkoba mkononi mwake. Hakuung'ang'ania. Nilifika kwenye kona ya nyumba ya jirani ndipo nikasikia Tonton akimwuliza kitu, naye akimjibu kwa sauti ndogo, ya chini, isiyomaliza maneno. Ni sauti ya watu wawili wanaolinda jambo moja. Niliisikia utotoni mwangu kote, kupitia pazia, kupitia ukuta wa mbao, nikalala nayo vizuri kila siku. Nilidhani ndivyo watu wazima wanavyozungumza.